Namba ya Miwani ya Mama Mkwe

Daktari wa macho alifika Kiomboi mara moja kwa mwaka, na sanduku lake la mbao lililojaa lenzi. Wenye mtoto wa jicho aliwapasua mwenyewe. Waliohitaji miwani ya kusomea tu aliniachia mimi, dresa, mfunga vidonda wa hospitali ya misheni. Ilikuwa miaka ya mwisho ya Mwingereza, nami nilivaa kaptura nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ingeweza kusimama peke yake. Nilijiona nusu daktari. Nusu iliyobaki ilikuwa majivuno.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Unamvisha mtu fremu nzito ya chuma, unatia lenzi, unamwuliza anaonaje. Unaitoa, unatia nyingine, mpaka mnaipata namba yake. Sharti ni moja tu: umkaribie uso kwa uso, pua zikaribie kugusana.

Basi siku hiyo akaingia mama mkwe wangu.

Asiyejua mila za Iramba za wakati ule atauliza, kuna nini hapo? Mimi na mama yule tulikuwa na miaka minane ya ukwe na hatukuwahi kutazamana. Nikimwona njiani, naingia porini. Akiniona yeye, anajifunika kanga na kugeukia miiba. Nilimjua kwa visigino. Aliposikia sauti yangu mle chumbani, alirudi nyuma kwa kasi, nusura aangushe benchi la wagonjwa. Lakini daktari alikuwa anaondoka kesho yake, na kukosa leo kulikuwa na maana ya kungoja mwaka mzima.

Kungoja hakuweza. Mwanawe wa mwisho alikuwa Tanga, kwenye mashamba ya mkonge, mwaka wa tatu sasa. Mama alijifunza kusoma ukubwani, katika darasa la ubatizo, na alijivunia sana. Kisha macho yakaanza kumsaliti. Tangu hapo barua za mwanawe nilimsomea mimi, nimekaa nje ya ukuta na yeye ndani, kwa sauti ya kusikika, na majirani wakisikia pia. Sasa ilikuwa imekuja barua mpya, naye akakataa isifunguliwe. "Mwanangu nasomewa kama tangazo la baraza," alimwambia binti yake, yaani mke wangu. "Hii nitaisoma mwenyewe."

Mke wangu, aliyemsindikiza, ndiye aliyepata dawa. Alitundika shuka la kitanda katikati ya chumba. Mimi nikakaa upande huu na sanduku, wao upande wa pili na fremu. Mimi napitisha lenzi chini ya shuka, mke wangu anaitia, jibu linarudi.

"Muulize mama, hii anaonaje?"

"Anasema nzuri."

"Na hii?"

"Nzuri pia."

Nikapitisha ndogo kuliko zote: nzuri. Nikapitisha kubwa kuliko zote: nzuri, tena anashukuru. Mke wangu akachungulia pembeni ya shuka, akaninong'oneza, "Ulitegemea nini? Mama amwambie mkwe wake kwamba alichompa ni kibaya?"

Nikaona heri asome, tusikie. Pembeni ya kanga yake alikuwa amefunga na barua ya zamani, niliyomsomea miezi michache nyuma. Nikapitisha lenzi ya namba moja. Akasoma barabara, bila kukwama: salamu, mvua, kidonda cha mguu kilichopona. Nikachukua kalamu niandike. Mara nikasikia, "Na umwambie dada amtunze sana shemeji, maana mtu mwema kama yule hapatikani Iramba nzima."

Kalamu ikasimama. Maneno yale hayakuwamo katika barua. Niliyatia mimi mwenyewe siku ile nilipomsomea, na si katika barua ile tu. Mama wa watu hakuwa akisoma hata herufi moja. Alikuwa ameishika barua nzima kichwani, pamoja na pambo langu.

Ningeweza kunyamaza. Ningeandika namba moja, akaenda zake na vioo visivyomfaa, sifa zangu zikabaki nzima, nami nikaendelea kumsomea. Nakiri niliwaza hivyo, tena si kwa kitambo kidogo. Lakini mficha uchi hazai. "Mwambie mama," nikasema, "hayo ya mwisho hayamo kwenye karatasi. Niliyaongeza mimi."

Kisha nikamsikia mke wangu akicheka mpaka akakaa chini. Mama mkwe hakucheka. "Mwambie mume wako nilishangaa," alisema. "Mwanangu hajamsifu mtu tangu nimzae."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Lakini baada ya hapo ulimi wake ulifunguka. "Hii ni ukungu mtupu," akasema. "Hii inanitia kizunguzungu, aitoe. Hii labda awape mbuzi." Nilikaripiwa vizuri, na kila karipio lilitusogeza karibu na namba. Tulipofika mbili na nusu, mke wangu akafungua barua mpya, na sauti ikaanza kupapasa: "Ma-ma m-pe-nzi. Ni-na-ku-a-ndi-ki-a." Ilikwama, ikarudi nyuma, ikaendelea. Alikuwa anasoma kweli. Nikasogeza sikio kwenye shuka, kwa ajili ya kazi, na kwa mazoea.

"Ma-ma, ni-na-yo ha-ba-ri..." Akanyamaza.

Nikangoja. Nikasikia karatasi ikigeuzwa.

"Anaona?" nikauliza.

"Anaona," alijibu mke wangu, taratibu.

"Basi aendelee kwa sauti, nihakikishe."

Mama mkwe alinijibu mwenyewe, bila kumpitia binti yake. "Namba ndiyo hii, baba. Asante."

Nikaandika mbili na nusu. Nilifurahi kweli, na kitu kikanichoma kidogo, maana nilikuwa nimeshamzoea kijana yule na habari zake za mkonge. Mama alibaki upande wa pili wa shuka akisoma kimoyomoyo, mpaka wagonjwa wa nje wakaanza kunung'unika. Barua ile ilisema nini, hata mke wangu hakuambiwa.