Ziwa la Magarama

Fundi wetu wa hapa Magarama, mtaa wa Gitega, huingia nyumba za watu bila hodi, lakini mbao huzipigia hodi mojamoja. Anagonga kwa kifundo cha kidole, anatega sikio, na ubao uliooza humjibu kwa sauti ya mgonjwa. Juzijuzi aliletewa mtumbwi mkuukuu wa uvuvi kwa lori kutoka Muyinga autengeneze, kwa kuwa yeye alijifunza kuunda mitumbwi ziwani Kigoma, alikokulia ukimbizini. Aliufupisha, akaupa kitako bapa uweze kupita mto Ruvubu, akaziba nyufa kwa pamba na mawese hadi viganja vikawa vyekundu. Jana, kwa vile Gitega haina ziwa la kuujaribia, alituomba tuujaze maji ndani, ili panapovuja pajionyeshe kwa nje. Tulibeba madumu mpaka shingo zikauma. Halikudondoka hata tone. Tukashangilia. Yeye akavua viatu, akaingia, akakaa majini na suruali yake, akashika kingo zote mbili na kufumba macho.

"Fundi, we uko sawa?" aliuliza Amisa, muuza sambusa.

"Niko sawa, mama. Nisukumeni kidogo."

Tukasukuma wote, tukijua kabisa hautasogea.