Ajali ya Gari Nisilolijua

Mimi ni fundi bodi, na hasira zangu ziko karibu. Wanaopita mbele ya gereji yangu kwenda mpakani, Petite Barrière, wanalijua hilo, hasa wale akina mama wauza nyanya wanaopenda kusimama na kunifundisha kazi. Lakini katika wateja wote walionipandisha damu, hakuna aliyemfikia mama wa gari la bluu. Alikuja na kiti chake mwenyewe. Akakiweka kivulini, akaketi, akaanza kunitazama mikono.

Gari lake lilinizidi umri, dogo, la mgongo wa mviringo, la aina ambayo viwanda viliacha kuitengeneza zamani. Injini ilikuwa nzima. Tatizo lilikuwa madigadi ya mbele, lile bati linalofunika gurudumu, upande wa dereva: kutu ilikuwa imeila hadi ukiigusa inamong'onyoka. Wanunuzi wa chuma chakavu walikuwa wameshafika kwake mara kadhaa, wakilizunguka gari na kulipima kwa macho. Hata watoto wake walimshauri auze.

"Baniache," aliniambia siku ya kwanza. "Tulitoka Goma na hii voiture, mi na bwana yangu na batoto. Hatukukuwa na nyumba, hatukukuwa na mutu. Tulilala ndani mpaka tukapata chumba. Donc hii ni nyumba yangu ya kwanza ya Rwanda. Mutu anauzishaka nyumba yake kwa kilo?"

Nilimwambia ukweli tu: madigadi ile haishikiki tena, na kuifua nyingine kwa nyundo kutoka bati tupu, na mikunjo yake yote na tundu la taa, sitaweza. Itafutwe mpya. Mpya zilikuwepo, kwa maana ng'ambo kuna watu wanaotengeneza upya vipande vya magari yaliyokwisha kufa, kwa ajili ya wachache wasiokubali kuwa yamekufa. Tukakubaliana: ikiingia, gari linabaki. Ikikataa, atawaita watu wa kilo, kwa sababu uwezo wa kujaribu mara ya pili hakuwa nao.

Mwanawe anayeishi Ubelgiji ndiye aliyeiagiza. Alipopiga simu kueleza gharama, mama aliiweka kwenye spika ili na mimi nisikie, nadhani alitaka nimsaidie kugombana.

"Yewe! Iko inapita bei ya voiture yenyewe!"

"Mama, chuma si kitu," kijana alisema. "Ile inakula feza ni safari."

Akatueleza. Watu wa ndege hawaangalii uzito peke yake, wanaangalia na nafasi. Madigadi ni nyepesi, lakini imejikunja, tumbo lake liko wazi, na lile tumbo lazima lipate mahali pa kukaa. Kwa hiyo mtu analipia bati kidogo na hewa nyingi. Kisha forodha wanakuja kutoza ushuru juu ya bei na usafiri kwa pamoja, yaani hata ile hewa inatozwa.

"Hewa?" mama alisema. "Mi naletewa hewa ya Ulaya, na hapa Kivu iko ya bure?"

Nilicheka mpaka nikaweka nyundo chini. Lakini baadaye jambo lile lilinikaa kichwani. Maisha yangu yote nimeshika mabati yaliyokunjwa, na sikuwahi kujua kwamba mkunjo wenyewe una nauli yake.

Sanduku lilipofika, kubwa kama jeneza, mama mmoja wa nyanya aliuliza kama nimefiwa. Tulilifungua. Madigadi ilikuwa nyeusi, laini, haina doa, na mstari wake ulitoka kwenye taa ukashuka hadi mlangoni bila kusita popote. Nilishika kiuno. Mimi si mtu wa kusifu kazi za wengine, lakini ile niliisifu kwa sauti.

Kisha nikaifunga kwenye gari, na ikakataa.

Matundu ya bolti yalikubali yote. Lakini ukingo wa upande wa mlango ulisimama nje, kidole kinapita. Nililegeza, nikakaza, nikavuta, nikagonga, nikatukana kwa Kiswahili, Kinyarwanda na Kifaransa kidogo nilicho nacho. Na kila siku mama alikuwa pale kitini.

"Haiko inaingia?"

"Inaingia, Mama."

"Mi naona haiko inaingia. Utamaliza lini? We uko unapiga-piga tu."

Nikisimamiwa hivyo nafanya kazi vibaya. Nagonga haraka ili mtu aondoke, halafu narudi kurekebisha nilichogonga. Nilimwambia hivyo. Hakuondoka.

Kisha siku moja akaacha kuniuliza. Alinitazama nikiifungua tena ile madigadi, akainuka, akasema polepole, "Bon. Kesho nitaita bale ba kilo." Akaingia kwenye gari lake, akaketi siti ya nyuma, pale walipokuwa wakilala watoto, akafunga mlango. Iliniuma sana. Afadhali angenigombeza.

Niliilaza madigadi chini, nikafumba macho, nikaipitishia kiganja polepole, kama nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo. Karibu na taa mkono ulisimama. Palikuwa na uvimbe mdogo, jicho haliuoni. Na uvimbe ule nilikuwa naujua. Bodi ikigongwa ikabonyea, halafu fundi akairudisha kwa pupa, chuma kinapigwa kupita kiasi, kinatanuka, kinakosa pa kwenda. Kinavimba hapo, na ukingo wa mbali unapinda. Nimeuacha uvimbe kama huo kwenye magari mengi ya mji huu.

Lakini ile ilikuwa mpya. Nilikwangua rangi: chuma safi, hakuna alama hata moja ya nyundo. Hakuna aliyewahi kuipiga. Nikampigia kijana wa Ubelgiji, nikamwomba picha za nyingine zilizobaki dukani, zipigwe kwa ubavu, mwanga ukipita juu yake. Zilikuja. Zote zilikuwa na kivuli kilekile, karibu na taa.

Hapo nikaelewa. Waliotengeneza kalibu, kile chuma ambacho mashine hukandamizia bati, walikuwa wamechukua umbo kutoka kwenye gari halisi la zamani, na gari hilo, zamani hizo, liligongwa na kunyooshwa. Pigo la fundi mmoja lilikuwa limeingia kwenye kalibu, na sasa mashine inalirudia kwenye kila madigadi inayotoka.

"Muuzaji anajua," kijana aliniambia. "Lakini kalibu ni bei kali, na hizi voiture zimebaki kidogo. Kuirekebisha ni hasara. Kila fundi anajitengenezeaka yeye mwenyewe."

Nilikaa chini. Niliwawaza mafundi hao, katika miji nisiyoijua jina, kila mmoja akitukana kwa lugha yake, mpaka kiganja chake kinasimama palepale. Kazi yetu haikuwa kwenye ile bei, na bila yetu hakuna gari hata moja ambalo lingefunga mlango. Sijawahi kujiona mdogo hivyo, wala katikati ya watu wengi hivyo.

Niliwasha gesi, nikapasha ule uvimbe, nikaubana kwa kitambaa chenye maji. Ulilia, ukajivuta. Nikarudia taratibu. Nilipoirudisha kwenye gari, ukingo uliingia ukalala mlangoni.

Mama alishuka. Nilimweleza yote: kalibu, lile gari la zamani, pigo linalosafiri dunia nzima. Aliinama, akaitazama madigadi kwa muda.

"Na ule mutu?"

"Mutu gani, Mama?"

"Ule balimugonga ndani ya ile voiture. Alipona?"

Nilikuwa nimewaza chuma, nauli na hewa. Sikuwaza kabisa kwamba ndani ya gari lile mtu alikuwa ameketi. Niliweka tena kiganja pale palipokuwa na uvimbe, na jibu likaja lenyewe.

"Alipona," nilisema. "Ile kazi ilifanywa mbio-mbio. Fundi anafanyaka hivyo tu kama mwenye voiture iko muzima, amesimama pembeni, anamuuliza utamaliza lini."

Mama alicheka hadi akashika bodi. "Mungu asifiwe," alisema. Akachukua kiti chake, akakisukuma kwenye siti ya nyuma, akawasha gari.