Heshima ya Shibiri Mbili

Fundi wa majeneza alikuwa na kazi mbili mkononi. Ya kwanza hakuna mteja aliyewahi kurudi kuilalamikia. Ya pili, divai nyekundu aliyoitengeneza mwenyewe stoo, ililalamikiwa na kila aliyeionja, na hiyo ndiyo aliyoipenda kwa moyo wote.

Mlalamikaji mkuu alikuwa kaka wa mkewe, aliyeitwa Mkurugenzi ingawa idara ilimstaafisha miaka tisa iliyopita na haijawahi kumkumbuka. Kila Jumapili alikuja kula, akapokea glasi, akaonja tone, akakunja uso, kisha akamimina iliyobaki kwenye chungu cha maua. Hivyo kwa miaka sita. Ua lenyewe lilikufa mwaka wa kwanza.

"Divai ya watu hulala kwenye pipa la mwaloni, shemeji," alisema. "Yako imelala kwenye dumu."

Pipa angelitoa wapi? Fundi alijaribu vipande vya msonobari, divai ikanuka kama choo kilichotoka kupigwa deki. Akajaribu majani ya chai. Mkewe akauliza kama kuna maziwa.

Ndipo Mkurugenzi, ambaye hakuwaamini ndugu zake hata kumchagulia mbao, akajiagizia jeneza mapema. Alileta mwaloni wa ng'ambo pamoja na sharti: limzidi urefu kwa shibiri mbili.

"Za nini, shemeji?"

"Za heshima."

Fundi akaliunda, akalitazama siku tatu. Siku ya nne, kabla ya kulipiga vanishi, akashika msumeno, akaikata heshima yote, akarudishia kibao cha miguuni kana kwamba hapajatokea kitu. Vile vipande akavipasua saizi ya vidole, akavioka kwenye oveni mpaka vikawa kahawia na jiko zima likanukia sukari iliyoungua, akavitumbukiza kwenye divai. Kila wiki alionja kijiko kimoja. Wiki ya sita akamwita mkewe. Mama wa watu akaonja, akaomba kijiko kingine.

"Mbao umetoa wapi?"

"Kwa kaka yako."

Mke akalamba kijiko. "Alikuwa amejipimia mno."

Jumapili Mkurugenzi akapokea glasi. Fundi alikuwa ameshika ukingo wa meza. Shemeji akaonja. Akanywa tena. Chungu hakukitazama kabisa, akamaliza glasi.

"Shemeji," akasema taratibu, "hii sasa ndiyo divai."

Fundi akajifanya anafuta meza ambayo haikuwa na doa. Mtu aliyewaundia nusu ya mtaa masanduku yao bila kupepesa jicho, leo machozi yanamlengalenga kwa sentensi moja ya mstaafu.

"Nitengenezee chupa ishirini, natimiza miaka sabini," Mkurugenzi akaendelea. "Mbao zimebaki?"

Fundi akampima kwa jicho la kazi, kuanzia utosini hadi kwenye viatu.

"Zimebaki," akasema. "Hivi shemeji, wewe ukilala, miguu huwa unainyoosha?"