Bastola Iliyompiga Orrin Vandeveer

Si kweli kwamba Delbert Vandeveer aliinunua ile bastola kwa siri, na mkewe akaja kuzisikia habari kwa majirani. Si kweli pia kwamba alikuwa amelewa siku ya mnada. Delbert alikuwa Mlutheri wa kahawa, na hata kahawa yenyewe aliinywa nyepesi. Walioyaeneza hayo mjini Cutler's Ford wanajulikana; wengi wao walifundishwa Kilatini na mjane wake, Bi. Leota Vandeveer, wakafeli. Ukweli ni mfupi. Delbert hakutaka kuinunua. Leota ndiye aliyemtuma, asubuhi, mayai yakiwa bado kwenye kikaango, na marehemu asibebeshwe lawama isiyo yake.

Mambo yenyewe ni ya zamani. Orrin Vandeveer, aliyemzaa babu yake Delbert, alikuwa mkuu wa polisi wa kwanza wa mji, na sanamu yake ya shaba imesimama mbele ya mahakama hadi leo, mkono mmoja kiunoni. Orrin alichechemea sehemu kubwa ya maisha yake. Kina Vandeveer wanasema farasi alimwangukia. Kina Stukey, wakaao ng'ambo ya mto, wanasema Orrin alikwenda kumkamata Ezra Stukey kwa wizi wa nguruwe, akafika mlangoni, akamwona Ezra ameshika bastola, akakumbuka kwamba ana shughuli nyingine mjini. Risasi ikamkuta ameshageuka, ikamwingia pale mtu anapokalia.

"Ndiyo maana sanamu imesimama," kina Stukey husema. "Fundi aliogopa kuikalisha."

Mji mwingine ungeyaacha maneno hayo yakafa. Cutler's Ford uliyapa gwaride. Kila Siku ya Waasisi, nyuma ya gari la zimamoto na mbele ya watoto wa tarumbeta, Stukey mmoja alitembea katikati ya barabara kuu amebeba mto mwekundu wa mahameli, na juu ya mto bastola ya Ezra, watu wakipiga makofi kana kwamba ni taji la mfalme. Kina Vandeveer walisimama kando ya barabara wakitazama mawingu. Leota, aliyeingia katika ukoo huo akiwa na shahada na glavu nyeupe, aliyatazama mawingu hayo mwaka baada ya mwaka. Aliyezaliwa ndani ya nyumba huizoea aibu yake. Aliyeolewa humo aliichagua mwenyewe, na haizoei kamwe.

Kisha mzee Arlis Stukey akafariki, na binti yake Juanell akatangaza mnada wa kila kitu: vitanda, jembe la trekta, na bastola.

"Nenda ukainunue," Leota alisema.

Delbert aliweka uma chini. Alikuwa mkusanyaji wa bastola za kale tangu ujana. Alikuwa nazo kadhaa ndani ya kabati la kioo sebuleni, na kila moja aliiombea ruhusa kwa mkewe kama mvulana anayeomba kwenda kuvua samaki. Kutumwa hakuwahi.

"Nikanunue nini, mama?"

"Bastola ya kina Stukey."

"Ile?" Delbert alicheka. "Mpini umepasuka, mtungi wa risasi hauzunguki, imenyeshewa na mvua za magwaride yote. Isingekuwa na maneno yake ungeipata kwa bei ya jozi ya viatu. Sisi wakusanyaji tuna msemo: nunua bastola, usinunue hadithi."

"Hadithi ndiyo ninayoitaka. Hiyo bastola unaweza kuitupa mtoni."

"Taratibu," Delbert alisema, akitupa jicho sebuleni. "Wenzake wanasikia."

"Delbert, nisikilize. Ikikaa humu ndani, nani ataibeba barabarani? Isipobebwa, watoto watasahau. Wakisahau, babu yako atapumzika. Kwa heshima ya jina lako, nenda."

Delbert alimtazama mkewe kwa macho ya mtu aliyeamka akakuta ni Krismasi. "Nikikuta na holsta yake, ule mfuko wa kiunoni, nichukue pia?"

"Chukua hata na soksi zake."

Mnada ulifanyika katika uwanja wa kina Stukey, chini ya hema, pai za tufaha zikiuzwa mlangoni na akina mama wa kanisa. Delbert aliomba kuitazama bastola. Hapo ndipo alipogundua kwamba kina Stukey, ili isianguke siku za upepo, walikuwa wameifunga kwenye mto kwa waya, ikashonwa juu na chini, mpaka bastola na mto vikawa kitu kimoja.

"Nataka kuona tumbo lake," alimwambia Juanell. "Huko ndiko iliko namba ya kiwanda."

"Tumbo la nini, Delbert? Si kuku huyu. Ukikata waya umenunua."

Dalali alikuwa Merle Tonjes, mwanafunzi wa zamani wa Leota na mwenyekiti wa kamati ya gwaride. Alianza kwa bei ya chini, akiimba kwa ile kasi ya madalali ambayo mgeni hudhani ni maombi. Mpinzani alikuwa mmoja tu, bwana kutoka Denver mwenye ndevu zilizochanwa, aliyeinua kadi yake kivivu. Mambo yangekwisha vizuri kama Merle asingetambua nani alikuwa ameinua kadi ya pili.

"Mabibi na mabwana," alisema, akiacha kuimba, "hii ndiyo bastola inayosemekana ilimpiga Orrin Vandeveer mahali pake pa kukalia. Wengine wana shaka. Lakini tazameni anayeitaka. Damu yake mwenyewe! Mnataka ushahidi gani zaidi?"

Bwana wa Denver aliketi wima, na kadi yake ikaacha uvivu. Kila Delbert alipopanda bei, hadithi ilizidi kuwa kweli, na kila ilipozidi kuwa kweli, bwana wa Denver alipanda. Walipofika bei ya trekta dogo lililotumika, Delbert aliishusha kadi, akamtafuta mkewe kwa macho. Leota alikuwa amesimama karibu na pai. Aliinua kidevu. Kila aliyepita darasani kwake anakijua kidevu kile. Maana yake ni endelea kusoma, hata kama umeona umekosea.

"Mzee Vandeveer," Merle alisema, "Mwalimu anasema endelea."

Hema zima likacheka. Delbert akaendelea. Bwana wa Denver akakunja kadi yake, akaenda kununua pai.

"Mmenunua kwa uchungu," Juanell alimwambia Leota, akimkabidhi mto. "Baba angefurahi. Alisema siku zote kwamba ninyi mnajua ni kweli."

Leota alimshukuru. Jioni ile aliuweka mto juu ya friji, mahali asipoweza kuuona akiwa ameketi, akalala usingizi mzuri.

Kesho yake Merle alipita nyumbani kwao, kofia mkononi. "Nimekuja kwa ajili ya gwaride, Mzee. Utavaa suti au ovaroli?"

"Kwa nini nivae chochote?"

"Kwa kubeba mto."

Leota alitoka jikoni. "Merle, anayebeba ni Stukey."

"Hapana, Mwalimu. Wewe mwenyewe ulitufundisha kusoma maneno yalivyoandikwa. Kanuni ya kamati haisemi Stukey. Inasema mwenye bastola. Na hakuna aliyewahi kukataa. Mzee akikataa, watu watasema ukoo umefanya kama Orrin, umefika mlangoni ukageuka." Alivaa kofia yake. "Kamati inakutana Alhamisi, chumba cha chini cha kanisa. Juanell analeta keki."

Alipoondoka, Leota alirudi jikoni akaanza kusugua kikaango kilichokuwa safi. Alikuwa ametoa bei ya trekta ili aibu iondoke barabarani, na sasa aibu ingetembea barabarani mikononi mwa mumewe. Delbert, ambaye kimya cha mkewe kilimtisha kuliko bastola yoyote, alishuka na mto mpaka kwenye karakana yake kutafuta kitu cha kufanya. Akachukua koleo, akakata waya.

Leota alimsikia akicheka. Alishuka, akamkuta ameketi sakafuni, miwani usoni, kitabu chake kikubwa cha namba za kiwanda kimefunguka magotini.

"Mama," alisema, akifuta macho. "Imetengenezwa mwaka 1881."

"Ndiyo nini?"

"Ezra Stukey alikufa 1879. Hakuwahi kuishika hii. Labda mwanawe aliinunua dukani, akaitungia maneno ili apate kubeba mto."

Leota aliketi kwenye ngazi. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe aliliona jina la Vandeveer likiwa safi kama shuka kambani. Kisha akaona sura ya mumewe.

"Tukisema," Delbert alisema taratibu, "mimi ndiye mjinga aliyenunua kipande cha chuma kwa bei ya trekta. Mkusanyaji wa miaka yote hii. Nitachekwa mpaka Omaha. Tukinyamaza, nitaubeba mto na babu atakuwa amekimbia. Chagua wewe."

"Sitakuchagulia ujinga, Delbert."

"Ujinga nauweza, mama. Mimi huwa nafeli kila siku, na jioni bado nakula. Wewe ndiye usiyeweza kuyatazama yale mawingu tena."

Hayo ndiyo maneno yake, na wale wanaosema alikuwa mpumbavu hawakuwahi kuambiwa maneno kama hayo na mtu yeyote.

Alhamisi walikwenda. Chumba cha chini cha kanisa kilikuwa kimejaa kuliko siku ya Pasaka. Leota alisimama akiwa na glavu zake, akaweka bastola mezani bila mto, na ilionekana ndogo, kama kuku aliyenyonyolewa. Alieleza namba ya kiwanda. Alieleza kifo cha Ezra. Alizungumza vizuri, kwa sentensi zilizonyooka, na aliona vichwa vikitikisika kwa kukubali, hata Merle, hata mchungaji. Juanell alikuwa ameacha kukata keki. Ushindi ulikuwa mkononi, na laiti angeketi hapo. Lakini mwalimu haachi hesabu bila kuimalizia mstari wa mwisho.

"Kwa hiyo," alisema, "bastola hii haiwezi kuwa ndiyo. Ilipotoka kiwandani, ilikuwa imepita miaka tisa tangu marehemu Orrin apigwe."

Kijiko kimoja kilianguka.

"Tangu apigwe?" Juanell aliuliza. "Si mlisema farasi?"

Leota aliiona sentensi yake imening'inia hewani kama kosa ubaoni, kubwa, kwa mwandiko wake mwenyewe, na hakuna kifutio.

"Miaka tisa kabla ya 1881," Merle alisema, akihesabu kwa vidole, "ni 1872. Mwalimu, hiyo 1872 sisi hatujawahi kuisikia. Hata kina Stukey hawakuwa na mwaka."

"Sisi tulikuwa tunabahatisha tu," Juanell alikiri.

Wahenga husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Leota hajawahi kuupenda usemi huo. Alimgeukia mumewe, na Delbert, ambaye hakuwahi kumwona mkewe akikosa neno, alisimama kumwokoa. Mapenzi ndiyo yaliyomsimamisha, hilo liandikwe.

"Jamani, kina Stukey wameshatoka hatiani," alisema. "Bastola yao haikuwepo. Labda ilikuwa ya babu mwenyewe. Zamani mtu mwangalifu alijaza risasi tano tu, akaacha tupu lile tundu lililo chini ya nyundo ya bastola, maana ukiigonga vibaya inalipuka. Lakini babu alikuwa na fahari. Nasikia alikuwa akijaza zote sita. Huenda aliketi kwa nguvu."

Kicheko kilianzia mezani kwa akina mama wa keki, kikapanda ngazi mpaka kanisani. Juanell Stukey alilia kwa kucheka, kisha akaja akamkumbatia Leota, jambo lililokuwa baya kuliko yote. Merle aliuliza kama kamati inaafiki gwaride liendelee, maelezo yakirekebishwa. Kamati iliafiki bila kupingwa. Delbert aliubeba mto mwaka ule na miaka yote iliyofuata, kwa suti, na watoto walimpenda, na yeye aliwapungia mkono kwa kidole kimoja kwa sababu mikono ilikuwa imejaa.

Sasa Delbert amelala makaburini juu ya kilima, na juma lililopita Juanell alipanda ngazi za kibaraza cha Leota na sufuria ya maharage ya kuoka. Alikaa. Alimsifu marehemu kwa maneno mazuri, na mengi yalikuwa ya kweli. Kisha akasogeza kiti.

"Mwalimu, tumezeeka. Niambie mimi tu. Ile 1872 uliijuaje? Nani alikuambia, na alikuambia nini kingine?"

Leota aliipokea sufuria, akaifunika vizuri.

"Sufuria yako nitairudisha Jumatatu," alisema.

"Mwalimu."

"Sisemi, Juanell."

Akaingia ndani, akafunga mlango.