Kiwavi Kwenye Kiti cha Haja

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi za ndani Riyadh, chumba changu kilitazama ua wa nyuma. Kando ya tangi la maji palikuwa na kichaka ambacho hakuna aliyekipanda, chenye majani manene yanayotoa maziwa meupe ukiyavunja. Madam, mke wa bosi, alinionya nisiyaguse. Maziwa yale yakiingia machoni ni hatari.

Kazi yangu kubwa ilikuwa kumtunza mama yake bosi. Sote tulimwita Haja, kwa kuwa alikwisha kuhiji Maka. Alikuwa amevunjika nyonga, ikapona, lakini alikataa kutembea. Kila asubuhi nilimsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu hadi kivulini, karibu na kile kichaka.

Haja ndiye aliyewaona viwavi kwanza. Walikuwa na mistari myeusi, myeupe na ya njano.

"Tazama wanavyokula," akasema, "kama wanangu siku ya Idi."

Tukawa tunawaangalia kila siku. Nilidhani yale maziwa yatawaua, kumbe wananenepa. Asubuhi moja, mmoja alishuka kichakani, akapanda gurudumu, akajining'iniza chini ya mkono wa kiti. Nilipotaka kumrudisha Haja ndani, akanizuia.

"Mafi, hapana. Kiti kibaki hapa."

"Haja, sasa utaingiaje?"

"Kwa miguu. Nishike."

Tulikwenda polepole, tukipumzika kila baada ya hatua chache. Madam alituona kupitia dirisha la jikoni, sufuria mkononi.

Kesho yake kiwavi alikuwa amegeuka kitu cha kijani, laini, chenye vitone vya dhahabu. Tangu hapo Haja alitoka kwa miguu kila siku kwenda kukitazama, akiniegemea. Bosi alikuwa akichelewa kwenda kazini makusudi ili amwone mama yake akitembea.

Hatimaye ganda likapasuka. Akatoka kipepeo wa rangi ya chungwa, mabawa yamekunjamana kama nguo isiyopigwa pasi. Alikaa hadi yakakauka, kisha akaruka akavuka ukuta wa jirani.

"Halas, imekwisha," Haja akasema. Akaketi kwenye kiti chake. "Yalla, nisukume."

Bosi alimsihi aendelee kutembea. Akajibu kwamba alitembea kwa ajili ya mgeni, na mgeni ameshaondoka.

Jioni madam alinifuata nikianua nguo. "Tafuta kiwavi mwingine," akaninong'oneza.

Nilitafuta jani kwa jani. Yalibaki matundu tu.