Kichwa cha Udongo cha Shangazi

Shangazi yangu, dada yake baba, anafundisha kuchora kwa mkono katika chuo cha jioni, na vidole vyake havijawahi kuwa safi tangu nimjue. Mtaani wanamwita Mama Masizi. Yeye haoni tusi hapo. Anaitika kwa sauti na kuwauliza kama na wao wanataka kupakwa.

Mwaka huu ugonjwa ulimpofusha jicho la kulia. Basi ndugu na majirani wakapata la kusema. Apumzike, umri umekwenda. Baba yangu naye, eti kwa huruma, akamnunulia kiti cha kuegemea. Nilikasirika sana. Shangazi akakifanya kiti kile mahali pa kuanikia michoro.

Ukweli usemwe, shida ilikuwepo. Jicho moja humdanganya mtu kuhusu umbali wa vitu vya karibu. Chai aliimimina pembeni ya kikombe, na kalamu ya wino aliichovya mezani, kando ya kichupa. Mwalimu mkuu, ambaye shangazi ndiye aliyemfundisha kushika penseli, akapata habari na kumwita ofisini. Nilikuwa nimembebea mkoba, nikasikia yote.

"Mwalimu wangu, hatukufukuzi. Utatutunzia stoo. Darasa tutampa mtu mwingine."

"Stoo? Mimi nikalinde brashi?"

"Nakuheshimu sana, lakini wanafunzi wananong'ona."

"Njoo darasani Ijumaa. Ukiona siwezi, huo ufunguo wa stoo nipe mbele yao."

Wiki hiyo alifinyanga kichwa chake mwenyewe kwa udongo, pamoja na lile jicho lililolala. Kisha akakichora mara tatu, mkono wa kushoto ukipapasa udongo, wa kulia ukifuata kwenye karatasi. Pua ilipoinuka, shavu lilipozama, vidole ndivyo vilivyomwambia. Kwa mkaa aliupata uzito. Fuvu lilikaa sawasawa juu ya shingo. Kwa rangi za maji aliupata mwanga wa paji la uso. Wino ndio uliomtoa jasho. Mstari wa taya ulipitiliza ukalikata sikio, na tone likadondoka shavuni. Nilimsihi auchane mchoro huo.

"Chana wa kwako," akanijibu.

Ijumaa aliibandika michoro yote mitatu ukutani, na kile kichwa akakiweka mbele juu ya stuli. Mwalimu mkuu akaja na ufunguo mkononi, akasimama mlangoni. Aliutazama mchoro wa mkaa kwa muda mrefu, kisha akaunyooshea kidole ule wa wino.

"Huu umeharibika, Mwalimu."

"Ndiyo, umeharibika. Wino bado unanisumbua, na sijauacha. Wacha waone nilipokosea. Sasa ingia ukae, au funga mlango ukiwa nje, upepo unapeperusha karatasi zangu."

Darasa likauma midomo lisicheke. Mkuu akautia ufunguo mfukoni, akajibana kwenye benchi la nyuma, goti likagonga meza. Shangazi akampelekea karatasi na kipande cha mkaa kama mwanafunzi mwingine yeyote. Akarudi mbele, akanyoosha mkono wenye penseli kukielekea kichwa, vile wachoraji wanavyopima urefu wa kitu kabla ya kukichora.

"Haya," akasema, "tunaanza kama kawaida. Kila mtu afumbe jicho moja."