Mwachie Mdogo Wako

Wanangu wa kiume ni wawili na wamepishana miaka miwili. Wakati wa mambo ninayoyaeleza, mkubwa alikuwa na miaka kumi na minne, mdogo kumi na miwili. Mimi ni fundi wa mafriji na viyoyozi. Kazi hii sikufundishwa na mtu. Niliisoma kwenye vitabu vya mitumba nilivyonunua Darajani, nikafungua mashine mbovu moja baada ya nyingine, na kila kosa nililolifanya nikaliandika kwenye daftari. Kwa njia hiyo nimepata kazi za hoteli, za Mji Mkongwe na za Bwejuu. Kwa njia hiyo hiyo niliingiwa na imani kwamba mtu mwenye subira na daftari anaweza kufundisha chochote. Leo naiona imani hiyo kuwa ni kiburi.

Kwa miaka mingi ngumi hazikuruhusiwa Unguja. Mimi nimekua bila ya kuona pambano, isipokuwa kwenye televisheni. Ziliporuhusiwa tena, vijana wa mtaani kwetu Jang'ombe walitundika gunia la mchanga kwenye banda moja, na wanangu wakawa hawatoki hapo. Nikaenda kuonana na mwalimu wao, kijana wa miaka thelathini na kitu aliyepata kupigana Dar es Salaam.

"Walete tu, fundi," aliniambia. "Lakini nakwambia mapema, wa tumbo moja mimi siwapiganishi. Wataruka kamba pamoja, watapiga gunia pamoja. Kwenye kupigana, kila mmoja na mtoto wa watu."

"Kwa nini?"

"Mtoto wa watu ukimpiga, yeye anakwenda kwao na wewe unakwenda kwenu. Hawa wanakwenda kulala chumba kimoja."

Nilimuuliza kanuni hiyo ameisoma wapi. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Kusoma? Fundi, mimi na kaka yangu mwaka wa nane huu hatusemezani."

Kwa vile alicheka, nilichukulia kuwa ni mzaha. Na kusema kweli, nilimdharau. Nilikwenda nyumbani nikatazama video za mazoezi kwa wiki tatu, nikaandika kurasa arubaini, nikanunua jozi mbili za glavu na kinga moja ya kichwa, ya yule mdogo. Kinga za meno niliahirisha. Gunia wanangu waliendelea kulipiga bandani, lakini kupigana wao kwa wao wakawa wanafanya uani kwetu, Jumapili baada ya sala ya alasiri, dakika mbili mbili, na mimi nimeshika saa na daftari.

Katika zile video, mwalimu mmoja wa bara alikuwa akimpigia kelele bondia wake, "Achia! Mwachie ya kulia!" yaani airushe ngumi ya mkono wa kulia. Neno lilinipendeza kwa ufupi wake, nikalichukua. Kila nilipoona mkubwa ana nafasi nzuri, nilipiga kelele, "Mwachie!"

Mkubwa alikuwa na kasoro moja. Kwenye gunia mikono yake ilikaa sawasawa. Mbele ya mdogo wake, kila nilipompa amri, mkono wa kulia ulishuka mpaka kiunoni, mdogo akaingia na kumpiga ya kifua au ya shavu. Niliandika: mkono wa kulia unashuka. Wiki iliyofuata nikaandika tena. Nikambanisha kitambaa kwapani ili asiushushe. Nikamzidishia kupiga gunia. Niliandika hata kwamba kwenye gunia kasoro haionekani, na mbele yake nikaandika sababu: uchovu. Mtu anayetafuta hitilafu ya friji kwa miaka ishirini alipaswa kujua kwamba hitilafu inayotokea mahali pamoja tu, chanzo chake kiko mahali hapo. Sikujiuliza.

Jumapili ya sita vijana watatu wa jirani walikuwa wamekaa juu ya ukuta wetu wakitazama. Mdogo alikuwa akimwandama kaka yake uani kote, na kinga yake ya kichwa imekaa upande.

"Fundi! Mwanao mkubwa anapiga au anampangusa vumbi?"

"Mwache bwana, anamsalimia."

"Mpeni juisi, hajafungua saumu huyo!"

Walicheka, na hata mdogo alicheka ndani ya kinga yake. Mkubwa alinitazama. Nilipiga kelele, "Mwachie!" na mkono ukashuka kama kawaida, na ngumi ikampata mdomoni. Wale wa ukutani wakapiga makofi.

Nilisimamisha saa. Nikamwendea, nikamwambia kwa sauti ambayo wote waliisikia, "Wewe ni mwoga. Wiki sita nakufundisha, unapigwa na mtoto. Leo sitaki mchezo. Mpige."

"Nimpige, baba?"

"Mpige. Mpige kwa nguvu zako zote."

"Haya," akasema.

Haikufika nusu dakika. Mdogo alikuja mbio kama alivyozoea, uso wazi, kwa sababu siku zote alikuwa hapati jibu. Ngumi ya kulia ilitoka begani, ikanyooka, nyonga ikageuka nayo, kama zile kurasa arubaini zilivyoeleza. Na mimi, kabla sijaona kitu kingine, nilipiga kelele, "Safi!"

Neno hilo lilikuwa limeshanitoka mdogo alipokaa chini. Aliinua uso akanitazama mimi, hakumtazama kaka yake. Damu ilikuwa inatoka puani na mdomoni, na jino moja la mbele lilikuwa limekatika nusu. Wale wa ukutani waliteremka wakaondoka. Mkubwa alipiga magoti, akawa anatafuta kile kipande cha jino kwenye saruji na glavu bado ziko mikononi.

Hospitali daktari alimshika mdogo kidevu, akaniuliza, "Kapigwa na nani?"

"Kaanguka," nilisema. "Ngazini."

Nyumba yetu haina ngazi. Wanangu wote wawili walikuwa wamesimama hapo, na hakuna aliyenisahihisha. Nadhani ndiyo mara ya kwanza waliposikia baba yao akisema uongo, na niliusema bila ya kusitasita.

Mama yao alikuwa kwenye shughuli ya harusi kwa dada yake. Aliporudi baada ya magharibi alimkuta mdogo amelala na uso umevimba. Nilianza kueleza, lakini mkubwa alinitangulia.

"Mimi nimempiga, mama. Baba kanambia nimpige."

Mama yao hakunitazama. Alikaa karibu na mkubwa. "Na Jumapili zote hizo? Mbona ulikuwa unaingia ndani wewe na manundu, yeye mzima?"

"Jumapili zote baba alikuwa ananambia nimwachie. Si ndiyo nlikuwa namwachia. Leo kanambia nimpige."

Katika nyumba yetu neno hilo mkubwa amelisikia tangu mdogo wake alipoanza kutambaa. Mwachie mdogo wako baiskeli. Mwachie mdogo wako kipande cha pweza. Wewe mkubwa, mwachie. Mama yao analisema, bibi yao analisema, na mimi mwenyewe nimelisema mara nyingi kuliko wote. Mtoto alisikia amri ya baba yake kwa maana pekee aliyoijua, akaitii. Alishusha mkono ili mdogo wake apate. Alifanya hivyo wiki sita, akapigwa, akafungwa kitambaa kwapani, akaitwa mwoga, na wakati wote alikuwa anafanya lile ambalo sisi wenyewe tulimlea alifanye. Ile niliyoiandika kuwa kasoro ndiyo iliyokuwa adabu yake.

"Baba watoto," mama yao alisema hatimaye, "hukumuuliza? Hata mara moja?"

Sikuwa nimemuuliza. Kwenye daftari lote hakuna ukurasa wenye maneno ya mtoto.

Kwetu mtoto ndiye anayemwomba mzazi radhi. Siku ya pili nilimwita mkubwa barazani. Aliitika, "Naam," akaja akasimama. Nilimwambia kwamba naomba radhi. Alifadhaika, akawa anatazama chini kama mtu aliyepewa kitu kisicho chake.

"Mimi hujanikosea, baba. Mwombe yeye."

"Yeye ulimpiga wewe, kwa amri yangu."

"Mimi nshamwomba, hajibu. Lakini halilii jino. Analia kwamba ulisema safi."

Kumwomba radhi mdogo nilingoja mpaka uvimbe ukapungua, na huko kungoja nako nakuhesabu katika makosa yangu. Kwa siku tano walilala chumba kimoja, mmoja ameelekea ukutani. Mdogo hakuwa akisema kaka tena. Alisema "huyo." Mara moja alinijia nikiwa natengeneza kiyoyozi, akaniambia polepole, "Baba, nifundishe peke yangu. Nnataka nami nimpige." Nilimwambia ngumi za ndugu zimekwisha katika nyumba hii, na kwamba aliyezianzisha ni mimi. Hakuonekana kuamini. Glavu niliwapelekea wa bandani, na yule mwalimu alizipokea bila ya kucheka.

Siku ya Ijumaa, tuliporudi msikitini, nilimsimamisha mdogo mlangoni. Nilimwambia nilikosea kumwambia kaka yake ampige, nilikosea kusema lile neno, na nilimdanganya daktari mbele yake. Nilikuwa nimejitayarisha, nikayasema yote kwa mpango.

"Nshasamehe," alisema haraka, kama anayejibu salamu.

Nikanyoosha mkono kumpapasa kichwa. Kidevu kiliingia kifuani, viwiko vikabana mbavu, viganja vyote viwili vikapanda juu kufunika uso. Alifanya hivyo kabla hajafikiri, na katika kujikinga huko hapakuwa na kosa lolote. Alikaa hivyo mpaka niliporudisha mkono wangu chini.